Siku moja ya fundi turubai wa Jinja, na tiara tatu ndani ya gunia

Saa 12 na nusu asubuhi

Nafungua kibanda changu Walukuba kabla jua halijakolea. Ziwa Victoria limetulia. Alfajiri hapa Jinja, Uganda, upepo, ukiwepo, hutoka nchi kavu kwenda majini, na ni mdogo. Mimi hushona vitu vinavyopigwa na maji na upepo: mahema, turubai za malori, jaketi za kuelea za wale wanaoshuka Mto Nile kwa mitumbwi ya mpira. Leo naanza na jaketi, maana wenyewe wanaingia mtoni saa tatu.

Saa 2 kasoro robo

Mwalimu wa michezo wa shule ya jirani anapita na gunia begani.

"Mama fundi, umeamkaje?"

"Salama, mwalimu. Umebeba nini, mahindi?"

Ni tiara tatu, za zile zinazovuta mtu. Mgeni mmoja anarudi kwao na anaziuza. Pesa ya mwalimu inatosha moja. Ndoto yake ni kuvutwa akiwa juu ya ubao wa magurudumu, au kwenye kile kigari cha magurudumu matatu alichokipa umaarufu Peter Lynn wa New Zealand miaka ya 1990. Mwenye mali anamshauri achukue kubwa, eti ndogo ataichoka upesi. Naye macho yake yako hapo hapo kwenye kubwa.

Namwambia aache gunia, akafundishe, arudi saa tisa. Ila kwanza namuuliza: ukiachia mikono, ipi kati ya hizi inakufa nguvu na kushuka? Hajui. Huyu alikuwa anaulizia ukubwa tu.

Saa 4

Jaketi zimeondoka. Dereva wa lori kaleta turubai lililochanika pembe, analitaka leo leo, tena kwa bei ya mwaka juzi. Madereva wa njia ya Busia ndivyo walivyo.

Saa 5 na nusu

Namwaga gunia mezani.

Kubwa ni ya mita za mraba tano, inaendeshwa kwa fimbo na inataka mkanda wa kiunoni. Ukisukuma fimbo mbele nguvu inapungua, ukivuta inaongezeka. Kwa anayejua ni chombo kizuri. Kwa anayeanza, ni kujifunga kwenye kitu kinachoweza kukunyanyua kabla mikono haijajua kukishusha. Naiweka kando.

Ya pili ina kamba mbili tu, kushoto na kulia. Inafundisha mikono haraka, na kwa mtoto mkubwa ningeichukua bila kufikiri. Lakini haina breki. Ikianguka kifudifudi unatembea kuifuata, na ukiachia vishikio inaondoka navyo.

Ya tatu ni ya mita za mraba mbili na nusu, kamba nne, vishikio viwili. Kamba mbili za juu hubeba mvuto, mbili za chini ni breki. Kila kishikio kina mkanda wa kuvaa kwenye kifundo cha mkono, uliofungwa upande wa breki. Ukiachia kila kitu, breki peke yake ndizo zinabaki zimeshika. Tiara inakosa upepo na kushuka. Hii sasa.

Naikagua. Kitambaa ni nailoni nyepesi yenye miraba ya nyuzi nene, inayozuia mpasuko usitambae. Naweka mdomo na kupuliza: hewa haipiti, isipokuwa kidogo ukingoni nyuma, pale panapogonga chini kila mara. Naiinua kwenye mwanga. Matundu mawili, na mshono mmoja wa ukuta wa ndani umefumuka. Tiara hizi hazina vijiti. Ni vyumba vinavyojazwa upepo kupitia midomo ya mbele, muundo aliobuni Domina Jalbert huko Marekani mwaka 1964. Ukuta ukiachia, chumba kinapoteza umbo na tiara nzima inavuta upande. Nashona kwa sindano nyembamba, hatua si fupi mno, maana matundu ya sindano yakisongamana kitambaa kinachanika kama stempu.

Kinachodanganya wanunuzi ni kamba. Hizi ni za Dyneema, uzi wa sintetiki wenye nguvu sana, nyembamba kabisa, na ikipita juu ya kidole huku imekazwa inakata. Nazifunga zote nne kwenye msumari wa nguzo, natembea nazo mita ishirini mpaka kwa muuza mkaa, navuta. Za juu zimezidi breki kwa upana wa vidole vitatu. Si ajabu: zinazobeba mzigo hurefuka, breki hazirefuki sana. Tiara ya hivyo huruka breki zikiwa zimeshikwa muda wote, inapanda kwa uvivu, inarudi kinyumenyume, na mtu anaapa kauziwa mbovu. Sikati chochote. Nahamisha mafundo kwenye vipande vya kamba vya upande wa breki mpaka zote zilingane.

Saa 9

Upepo wa ziwa umeingia. Tunakwenda uwanja ulio mbali na nyaya za umeme, na Jinja nyaya si haba tangu bwawa la umeme la Nalubaale lifunguliwe mwaka 1954. Majani na vijiti vyembamba havitulii, bendera ya shule imenyooka: hapo ni kilomita 12 hadi 19 kwa saa.

Namweleza kwamba ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko Mombasa, kwa hiyo mvuto unapungua kidogo.

"Si ndiyo sababu ya kuchukua kubwa, mama?"

"Upepo ukizidi mara mbili, mwalimu, mvuto unazidi mara nne. Na wa hapa unazidi bila hodi."

Somo la kwanza ni kuachia. Anarusha, inapanda, namwambia aachie. Hataki, vidole vimeng'ang'ania. Nampigia kelele, anaachia, tiara inalegea na kulala majanini. Anacheka peke yake. Tunarudia mpaka anaachia bila kuambiwa. Ndipo namwacha aipeleke pembeni kulia, pembeni kushoto, ambako nguvu ni ndogo, kisha aipitishe chini katikati mbele yake. Hapo inamburuta kwa visigino hatua kadhaa, na midomo yake inanyamaza kuhusu ile kubwa.

Saa 11

Wingu jeusi limesimama juu ya ziwa upande wa kusini. Mvua bado iko mbali, lakini upepo wake hutangulia. Namwambia akunje. Anaomba mara moja ya mwisho, nakataa.

Saa 1 usiku

Turubai la lori limekwisha, dereva kalipa akinung'unika. Mwalimu kanunua ya mita mbili na nusu, na sasa ananiandikia kwenye simu kuuliza ubao wa magurudumu anunue lini. Namjibu ubao ungoje, kwanza anunue kofia yake ya kichwani. Ile aliyovaa leo ni ya mwanangu wa boda, na anaitaka kesho alfajiri.