Jasi na milimoli tano zilizopotea: kumbukumbu ya mradi wangu, wiki ya tatu

Nilipoanza kutafuta jasi (kalsiamu salfeti yenye maji ya fuwele) huyeyuka kiasi gani katika lita moja ya maji, nilidhani hesabu ingekwisha kwa mstari mmoja. Zao la umumunyifu wa jasi, yaani ukolezi wa ayoni zake mbili ukizidishwa pamoja katika mmumunyo ulioshiba, kwenye nyuzijoto 25 ni takribani 2.6 × 10⁻⁵, na kipeuo chake cha pili kinatoa milimoli 5.1 kwa lita. Jibu hilo lingekuwa sahihi kama ayoni zisingesumbuana. Lakini ayoni za kalsiamu na salfeti zina chaji mbili kila moja, huvutana kwa nguvu, na aktiviti yake, yaani ukolezi unaofanya kazi kweli, hushuka chini kabisa ya ukolezi wake.

Wiki hii nilitumia mlinganyo wa Davies, unaokadiria upungufu huo. Kwa kuwa kizigeu cha aktiviti (uwiano wa aktiviti kwa ukolezi) hutegemea nguvu ya ayoni (kipimo cha wingi wa ayoni na chaji zake), nayo hutegemea umumunyifu ninaoutafuta, ilinibidi nizunguke: 5.1 ikazaa 8.9, kisha 10.2, kisha 10.6, hadi ikatulia kwenye 10.7, kizigeu kikiwa 0.48. (Mzunguko wa kwanza kabisa niliutupa, kwani nilisahau kuipandisha chaji kipeo cha pili.)

Jumamosi nilichuja nusu lita ya mmumunyo ulioshiba, nikaukausha kwenye oveni kwa nyuzi 200, na mizani ikasoma gramu 1.04. Niligawanya kwa 172, uzito wa moli ya jasi, nikapata 12.1 na kukaribia kuridhika. Usiku ndipo nilipokumbuka kwamba kwa joto lile jasi hupoteza maji yake ya fuwele, hivyo kigawanyo halali ni 136. Jibu likapanda hadi 15.3, karibu sawa na 15.2 ya majedwali, na hesabu yangu ikabaki nyuma kwa karibu milimoli tano.

Zilikuwa zimejificha katika jozi: kalsiamu na salfeti zilizoshikamana zikiwa hazina chaji, ambazo mlinganyo wa aktiviti hauzihesabu. Kigezo cha kuungana kwake, kinachoonyesha jozi hizo huundwa kwa wepesi gani, ni takribani 200. Ukikizidisha kwa zao la umumunyifu unapata milimoli 5.2, na jumla inakuwa 15.9. Tofauti iliyosalia ninaivumilia, kwa kuwa Davies ni makadirio tu.

Sasa nimetia gramu 2.9 za chumvi ya mezani katika nusu lita nyingine yenye jasi ya ziada. Kwa kuwa ayoni za chumvi hiyo huzidi kushusha aktiviti, hesabu inatabiri umumunyifu utapanda hadi karibu milimoli 21 kwa lita. Chupa ipo dirishani, naitikisa asubuhi na jioni.