Kushoto Baada ya Daraja la Achill

Kwa sheria ya Ayalandi, mtu anayejifunza gari haruhusiwi kuendesha peke yake. Lazima pembeni yake akae mtu mwenye leseni kamili aliyoishika kwa miaka 2 au zaidi. Kwa mgeni asiye na ndugu wala shemeji nchini humo, sharti hilo ni zito, maana kila ukitaka mazoezi unakwenda kuomba hisani ya mtu. Masomo 12 ya lazima niliyamaliza kwa mwalimu wa kulipwa. Kwa mengine yote nina deni la shukrani kwa wenzangu wa kazini, waliokuwa wakitoka zamu ya usiku macho mekundu na bado wakakubali kukaa nami tukizunguka mitaa ya Galway. Siku niliyofaulu mtihani nilibandua herufi L ya mwanafunzi kwenye vioo vya gari nikabandika N, ambayo dereva mpya hukaa nayo kwa miaka 2. Mwenye N hahitaji msindikizaji.

Ulikuwa mwezi wa Juni. Juni ya huko jua linazama saa nne usiku, hivyo mtu ana mchana wa kwenda na kurudi. Siku yangu ya mapumziko ilipofika niliweka maandazi na chupa ya chai kwenye kiti cha abiria, nikapiga bismillahi, nikashika njia ya Westport.

Niliichagua Achill kwa sababu ya bibi mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuhudumia wazee kwenye nyumba ya kuwatunzia, na yeye alikuwa miongoni mwa wale niliowaogesha na kuwavisha asubuhi. Alizaliwa Achill, kisiwa kikubwa kuliko vyote vilivyo pembezoni mwa Ayalandi. Usichana wake aliumalizia kwenye mashamba ya Uskoti akivuna viazi. Walikuwa wakiondoka makundi kwa makundi kuanzia Juni, na vuli wanarudi na fedha za kulipia kodi na madeni ya dukani. Nilipomwambia nimepata leseni alinishika mkono. "Ukishavuka daraja usifuate magari ya wenzio," alisema. "Wote hunyoosha kwenda Keel. Wewe kata kushoto, upite pwani."

Njia ya kwenda huko ni nzuri, ingawa haikunishika kama kilichofuata. Baada ya Westport unaiona Croagh Patrick, mlima uliochongoka ambao mahujaji Wakatoliki huupanda, na chini yake Ghuba ya Clew imejaa visiwa vidogo vya majani. Huko huendesha kushoto kama nyumbani Zanzibar, kwa hiyo mikono yangu haikuwa na la kubishana na macho. Kuanzia Newport, njia ya baiskeli inaandamana na barabara; hiyo ndiyo iliyokuwa reli ya Achill, na habari zake nitazirudia.

Nilivuka daraja, magari yaliyokuwa mbele yangu yakanyoosha, nami nikakata kushoto.

Kitu cha kwanza ni Kildavnet. Kuna mnara wa mawe wa karne ya 15 umesimama ukingoni kabisa mwa maji, mali ya ukoo wa O'Malley waliotawala bahari ile. Binti yao Grace, ambaye wenyeji humwita Granuaile, aliongoza merikebu na wanaume wa vita, na mwaka 1593 alisafiri hadi Uingereza kwenda kuonana uso kwa uso na Malkia Elizabeth I. Nilifurahi kusimama chini ya mnara wake siku hiyo hasa, funguo za gari mkononi.

Lakini hatua chache kutoka hapo kuna makaburi, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko pahali pengine popote.

Tarehe 14 Juni 1894, mashua ya tanga ilipakia zaidi ya watu mia wa Achill, wengi wasichana na wavulana, kuwapeleka kwenye meli iliyokuwa ikiwangoja karibu na Westport. Walikuwa wakienda Uskoti kuvuna viazi. Walipoikaribia ile meli, ambayo wengi wao hawajapata kuona chombo kikubwa namna ile, walikimbilia upande mmoja kuitazama. Mashua ikapinduka. Walikufa 32. Reli ya kuja Achill ilikuwa haijafunguliwa, lakini garimoshi liliwashwa ili kuwarudisha maiti kwao, na hilo likawa la kwanza kupita njia ile. Wamezikwa Kildavnet.

Mwaka 1937 vijana wengine 10 wa kisiwa hichohicho walikuwa wamelala kwenye banda la wafanyakazi huko Kirkintilloch, Uskoti, kwa kazi hiyohiyo ya viazi. Moto ulizuka usiku, na mlango ulikuwa umefungwa. Mdogo wao alikuwa na miaka 13. Nao walirudishwa kwa garimoshi, na wiki mbili baadaye reli ikafungwa kabisa. Wenyeji husimulia kwamba karne nyingi nyuma mtabiri wao, Brian Rua, alisema yatakuja magari ya magurudumu ya chuma yanayotoa moshi, na kwamba la kwanza na la mwisho yatabeba maiti. Hao 10 nao wamelazwa hapohapo, katika kaburi moja.

Mimi ni mtu wa Wete, Pemba. Msomaji wa Zanzibar hahitaji kutajiwa jina la meli iliyozama baina ya Unguja na Pemba usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011. Nilikuwa mwanafunzi wa sekondari. Mjomba wangu, nduguye mama, alikuwa akirudi na magunia ya mchele na godoro jipya, na hakupatikana mpaka leo. Mama hana kaburi la kulizuru. Kila ikifika siku hiyo tunasoma khitma nyumbani, kisha yeye anakwenda kukaa kibarazani akitazama upande wa bandari, na hakuna anayemsemesha.

Nilisimama pale Kildavnet upepo ukinipiga kisogoni, nikawasomea dua wale watoto. Nilijua ni Wakatoliki. Nilijua pia walipanda chombo asubuhi wakiwa na furaha, kwa sababu nyumbani kulikuwa na deni, na hilo linanitosha kuwaita ndugu. Nilishukuru kwamba mama zao walikuwa na pahali pa kwenda. Huenda yule bibi wa Achill alinipitisha njia ile kwa ajili ya mandhari tu. Mimi naamini alitaka niwaone.

Baada ya Cloghmore nyumba zinakwisha na barabara inageukia bahari kuu. Hapo ndipo nilipojua kuendesha. Ni njia ya gari moja, katikati lami imepasuka na majani yameota mstari mrefu unaokwaruza chini ya gari. Kulia mlima, kushoto jabali linalokwenda chini moja kwa moja mpaka povu. Bahari haikuwa imechafuka siku hiyo, na bado kila wimbi likigonga mwamba nililisikia vioo vikiwa vimefungwa. Nilisimama kwenye kijiuwanja cha maegesho, nikafungua mlango, upepo ukaukamata nikauvuta kwa mikono miwili.

Nikiteremka kuelekea Ashleam nikakuta kondoo amelala katikati ya lami na mwanawe. Uso mweusi, pembe zimejikunja hadi karibu na macho, na mgongoni ana baka la rangi ya buluu limeshikana na sufi. Kila mfugaji ana rangi yake, maana malisho hayana uzio. Lami ilikuwa na joto la jua na hakuwa na nia ya kuondoka. Nilizima injini nikangoja. Ndipo likatokea gari la posta, la kijani, likipanda upande wa pili. Kondoo alinyanyuka taratibu, akamsukuma mwanawe kwa paji la uso hadi majanini. Sasa tulibaki mimi na mtu wa posta, na njia ya mmoja. Nikaweka rivasi, nikarudi nyuma kwenye kona ile ya mlima, nikitazama kioo hiki na kile, hadi pahali pa kupishana. Akanipita akainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani, salamu ya madereva wa huko. Nami nikainua changu. Mtu asiyewahi kuombaomba wa kumkalia pembeni hatajua kidole kile kilinifurahisha kiasi gani.

Keel nilipita haraka, na vilevile kijiji kilichohamwa chini ya mlima Slievemore, nyumba za mawe karibu mia zisizo na mapaa. Nilitaka kufika mwisho wa barabara, Keem. Toka Dooagh njia imekatwa ubavuni mwa mlima Croaghaun, inapanda na kuzunguka, na ukienda magharibi wewe ndiye wa upande wa bahari. Nilikwenda kwa gia ya pili. Halafu ghuba ikafunguka chini yangu: mchanga mweupe na maji ya kijani hafifu, safi hata mwani wa chini ulionekana. Miaka ya 1950 wavuvi walimwinda hapo papa mkubwa kuliko wote wa maji yale, asiyeuma mtu, anayeishi kwa kuchuja vijidudu vya baharini. Walimtakia mafuta ya ini, na waliuawa maelfu. Tangu 2022 analindwa kwa sheria. Nilikula maandazi yangu nikiyatazama maji, lakini papa hakutokea.

Keem simu haikushika. Niliporudi Keel ililia, mama.

"Uko na nani humo garini?"

"Niko peke yangu, mama."

"Mashaallah. Hebu nionyeshe hiyo bahari."

Nikageuza kamera. Alitazama kitambo, kisha nikamhadithia ya Kildavnet, tangu ile mashua hadi lile banda. Alinyamaza mpaka nikadhani laini imekatika.

"Wamezikwa pamoja?"

"Ndiyo, mama."

"Na watu wanawazuru?"

"Wanawazuru."

"Alhamdulillahi." Halafu akauliza kama nimekula, na kama mafuta ya gari yatanifikisha. Nilikuwa na nusu tangi. Nilifika Galway kabla jua halijazama, nikaegesha mbele ya nyumba, nikaswali, nikalala, maana saa moja asubuhi nilikuwa na zamu.