Mapigo yasiyo na mpangilio: ninavyoyashughulikia kituoni

Wagonjwa wengi wa moyo wanaokuja kituoni kwetu hawataji moyo. Husema presha inawasumbua, au wanaishiwa pumzi wakipanda mlima kwenda shambani. Mashine ya presha ya betri haitusaidii sana hapo: mapigo yakivurugika inatoa namba hii sasa na nyingine kabisa baada ya dakika mbili. Kwa hiyo mtu mzima yeyote mwenye presha au pumzi fupi namshika mkono nikihesabu mapigo dakika nzima, si sekunde 15 za kuzidisha kwa nne. Manesi walinicheka mwanzoni, maana foleni ilikuwa inafika hadi kwenye mwembe. Siku hizi wao ndio huniita.

"Daktari, njoo umsikilize mama huyu, mapigo yake hayana adabu."

Alikuwa na miaka hamsini na kitu. Nikaweka stetoskopu kifuani huku nesi akimshika mkono, tukahesabu kwa pamoja. Mimi nikapata 132, yeye 104. Mapigo mengine huwahi mno, moyo haujajaa damu, kwa hiyo mkononi hayafiki. ECG, mchoro wa umeme wa moyo, ikamaliza ubishi: hakuna wimbi la P, yaani alama ya vyumba vya juu vikijikaza, na nafasi kati ya pigo na pigo hazilingani hata kidogo. Hapo ile hesabu ya kugawa 300 kwa visanduku vikubwa vya karatasi ya ECG kati ya pigo na pigo haifai. Nahesabu mapigo ndani ya visanduku vikubwa 30, yaani sekunde 6, nazidisha kwa 10. Ni AF (atrial fibrillation): vyumba vya juu vya moyo vinapapatika badala ya kusukuma damu, damu ikituama huganda, na bonge likifika ubongoni ni kiharusi.

"Mama, utotoni uliwahi kuvimba magoti?"

"Nilivimba, mwanangu. Niliacha shule muhula mzima."

Baridi yabisi ya moyo hiyo: huvimbisha viungo utotoni, kisha huacha makovu kwenye vali, milango ya moyo. Hospitali ya rufaa ya mkoa walimpiga eko, yaani ultrasound ya moyo, wakakuta vali ya mitral, ile iliyo kati ya chumba cha juu na cha chini upande wa kushoto, imebana sana. Jibu hilo lilibadilisha mambo. Kwa mgonjwa wa AF mwenye presha au kisukari tu, tunajumlisha alama za hatari ya kiharusi kwanza; vali ikibana namna hii hakuna cha kujumlisha, anaanza dawa ya kuzuia damu kuganda. Na dawa yenyewe ni warfarin. Vidonge vipya visivyohitaji vipimo vya mara kwa mara vinavutia, lakini utafiti wa INVICTUS wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wagonjwa wa baridi yabisi ya moyo walifanya vizuri zaidi kwa dawa za kundi la warfarin kuliko kwa rivaroxaban, kimojawapo cha vidonge hivyo vipya.

Mapigo yalitulia kwa atenolol. Kwa wengi naanza na lengo la chini ya 110 kwa dakika mgonjwa akiwa amepumzika, ila vali iliyobana inataka yashuke zaidi, moyo upate muda wa kujaa.

Kazi kubwa ni warfarin. INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, inatakiwa iwe kati ya 2 na 3, na kipimo kiko mkoani, nauli juu yake. Tulimpa daftari la kurasa chache: tarehe, INR, kiasi cha dawa, kumeza jioni saa ileile. Mchicha na matembele sikumkataza, nilimwambia ale kama alivyozoea, asile wiki hii tele na ijayo asiguse. Hatari kubwa iko duka la dawa. Metronidazole na septrini hupandisha INR, rifampisini huishusha, na diklofenaki huchokonoa tumbo. Juu ya jalada nikaandika kwa kalamu nyekundu: "Natumia warfarin. Usiniuzie dawa yoyote kabla ya kumpigia daktari." Mara moja muuzaji hakusoma, akampa metronidazole kwa kuharisha, INR ikafika 4.8. Hakuwa anatoka damu popote, akaruka dozi moja, tukapima tena. Tangu hapo analiweka daftari kaunta kabla hata ya kusalimia.

Mengine ni mepesi zaidi. Vijana wanaosikia moyo "unaruka", ECG safi, hakuna kifo cha ghafla katika ukoo: nawatuliza, wapunguze kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu. Yule ambaye mapigo yanakwenda 180 kwa mpangilio, ghafla, huku presha iko sawa, anapuliza bomba la sindano la mililita 10 kwa sekunde 15, kisha tunamlaza chali na kumwinua miguu sekunde 15 nyingine. Utafiti wa REVERT wa 2015 ulipata 43% walirudi kawaida kwa mtindo huo, dhidi ya 17% waliopuliza bila kuinuliwa miguu.

Wanaonitia hofu ni wenye mapigo ya polepole. Mzee mmoja alikuwa anameza dawa za kifafa kwa sababu ya kuanguka ghafla. Tulipomshika mkono, mapigo 34. ECG ilionyesha mawimbi ya P yanakwenda kivyake na QRS, alama ya vyumba vya chini, kivyake: umeme wa juu haufiki chini. Tulimpeleka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete siku ileile, akawekewa betri ya moyo (pacemaker), na madaktari wa huko wakamwachisha zile dawa za kifafa.