Siku sita barabara ya pwani na mbwa wetu wawili

"Washibishe vizuri kabla ya kuondoka, watalala njia nzima." Ushauri huo nilipewa na karibu kila niliyemwambia kwamba mimi na mume wangu tunataka kufuata barabara ya pwani tukiwa na mbwa wetu. Bado unaniudhi hadi leo, kwa sababu tuliufuata.

Doa ni dume mzito, kilo 30. Alilamba bakuli lake hadi chini. Mshale, jike ambaye hakuwa ametimiza mwaka, alimaliza lake akaiba na la mwenzake. Tukaondoka. Upande ule barabara imeng'ang'ania ubavu wa mlima, bahari iko chini, na hakuna kipande kilichonyooka. Kona ya tatu Mshale akaanza kutoa udenda: uzi mrefu unaning'inia, unakatika, unaanza mwingine. Akapiga miayo mara nne mfululizo, akalamba midomo. Nikamwambia mume wangu, "Unaona, anasinzia." Kumbe miayo ile na kulamba midomo ndiyo dalili ya kichefuchefu! Kona ya tano alitapika juu ya blanketi, juu ya begi, na juu ya Doa. Doa, ambaye hajawahi kuumwa garini, alinusa na kutapika naye. Tuligeuza gari. Safari yote ile haikufika saa moja.

Daktari wa mifugo alinieleza vizuri. Mbwa wachanga huumwa zaidi garini kwa sababu viungo vya mizani ndani ya sikio havijakomaa. Chakula kiliwe saa kadhaa kabla ya safari, maji wasinyimwe. Alituandikia na dawa ya kuzuia kutapika, maropitanti, kwa uzito wa kila mmoja. Tafadhali usikisie kwa vidonge vya binadamu.

Lakini dawa haikuondoa tatizo lote, kwa sababu Mshale sasa alilichukia gari lenyewe. Niligundua kwamba anaanza kutetemeka kabla hata hajaliona, akisikia tu funguo zikigongana. Basi tukaanzia hapo. Kila jioni mume wangu alitikisa funguo, akampa kipande cha nyama kavu, akazirudisha mezani. Hatuendi popote. Siku ya kwanza alijificha chini ya kiti na nyama ikaliwa na Doa. Siku ya nne alitoa pua. Siku ya tisa funguo zililia na mkia ukapiga sakafu. Hapo tukahamia garini: injini imezimwa, mlango wazi, anakula chakula chake cha jioni kiti cha nyuma. Kisha injini inanguruma bila gari kusogea, kisha hadi mwisho wa mtaa na kurudi, kisha hadi mahali penye nyasi ambapo anaachiwa akimbie. Ilichukua wiki tano. Waliotuona tumekaa na mbwa ndani ya gari lililosimama walitushangaa, na sijutii hata jioni moja.

Tulipoondoka tena, kona ya tatu ilipita, ya tano ikapita. Niligeuka kumtazama kila dakika. Alikuwa amelaza kidevu mgongoni kwa Doa, midomo mikavu. Nililia kidogo, na mume wangu akanishika mkono bila kusema neno.

Wote wawili walivaa mikanda ya kifuani iliyofungwa kwenye mkanda wa kiti. Usifunge kwenye kola ya shingo, breki moja kali inatosha kuvunja shingo. Tulisimama kila baada ya saa mbili hivi. Kula tulikula kwa zamu, mmoja mezani na mwingine kivulini na mbwa, kwa sababu nje kukiwa na nyuzi 24 tu, ndani ya gari lililofungwa joto linaweza kufika 34 kwa dakika kumi.

Ushauri mbaya wa pili ulihusu bahari: "Mwache aonje chumvi, ataacha mwenyewe." Doa hakuacha. Alikuwa anaufuata mpira mawimbini, kinywa wazi, na kila alipouuma alimeza maji pamoja nao. Usiku ule aliharisha mara sita, nami nikakaa naye nje nikimpa maji safi kidogo kidogo. Alipona, lakini chumvi ikizidi mwilini mbwa hupepesuka, hupata degedege, na anaweza kufa. Kuanzia siku ya pili mpira ulibaki garini. Tulimrushia kipande cha kamba nyembamba anachoweza kukiokota bila kupanua kinywa, na kila robo saa tukamwita anywe maji safi.

Ufukweni tulishuka alfajiri na jioni. Mchanga wa mchana nilikuwa naupima kwa mgongo wa mkono. Nikishindwa kuuacha pale sekunde saba, hawakanyagi. Mshale alikimbilia yavuyavu aliyekufa, nikamvuta kwa kamba ndefu, maana hata akifa huyo bado anawasha. Jioni tuliwasuuza kwa maji yasiyo na chumvi, tukawakausha masikio na katikati ya vidole, mahali chumvi inapowachubua.

Gharama haikupishana sana na safari zetu nyingine, isipokuwa vyumba. Wengi wanaopokea mbwa huomba nyongeza au dhamana, na mmoja alitukatalia mlangoni ingawa tulikuwa tumesema tangu mwanzo tuna mbwa wawili. Pigeni simu tena siku moja kabla, mtaje na uzito wao.

Juzi mume wangu alichukua funguo ili akanunue mkate tu. Mshale alikuwa ameshakaa kiti cha nyuma.