Tani 12

Leo mchana nimechukua nakala zangu za tasnifu kwa fundi wa kujalidi, karibu na Jamatini, hapa Dodoma. Ziko nne, jalada jeusi, herufi za dhahabu mgongoni. Nimepanda nazo daladala nimezipakata, dirisha wazi, vumbi la mwezi wa saba likiingia kama lilivyozoea, na kila mara nikawa nafuta jalada kwa upindo wa khanga. Tatu ni za chuo. Ya nne ni ya mjomba wangu. Mjomba hasomi Kiingereza, na tasnifu nzima ni Kiingereza kitupu. Nimekaa nayo mezani tangu magharibi na sijui nitampaje.

Nianze na karatasi aliyoniletea yeye.

Shamba lake lilikuwa upande wa mashariki wa mji, njia ya Mtumba, ulipo mji wa Serikali siku hizi. Tulipokuwa wadogo huko kulikuwa mbali. Kulikuwa na uwele, mizabibu, na mbuyu mmoja mkubwa ambao watoto wote wa ukoo tumecheza chini yake. Kisha mwaka 2016 serikali ikatangaza kwamba safari hii inahamia Dodoma kweli, mwaka 2018 ikatungwa sheria ya kuitangaza Dodoma kuwa makao makuu ya nchi, na ardhi ambayo hakuna aliyekuwa akiiulizia ikaanza kupimwa asubuhi na jioni. Shamba la mjomba likatwaliwa kwa ajili ya mradi wa umma. Mradi siutaji wala ofisi siitaji, maana sikukaa kuandika ili nigombane na mtu. Walikuja, wakahesabu mizabibu, wakapima nyumba, wakampiga picha amesimama mlangoni kashika kibao chenye namba, akatia sahihi, wakaondoka.

Miezi mingi baadaye akaja kwangu na karatasi iliyokunjwa mara nne. "Mama," akaniambia (ananiita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake), "wewe ndiye mwanasheria wetu. Hii posho ya usafiri wameipigaje hesabu?"

Sikujua. Nilikuwa na shahada ya kwanza ya sheria, nilikuwa nimepita Shule ya Sheria kwa Vitendo, nilikuwa nimeapishwa kuwa wakili, na sikujua. Nikamwambia nitaangalia. Akaitikia kwa upole, akamaliza chai yake, akaondoka. Ule upole ndio ulionikosesha usingizi.

Watu wakiniuliza kwa nini niliomba uzamili huwa nawajibu mambo ya kupanda cheo, kwa sababu ndilo jibu fupi. Ukweli ni ile chai.

Maombi yenyewe hayakuwa na ugumu mkubwa. Vyeti, matokeo ya shahada ya kwanza, wasifu, barua mbili za warejea, ada ya maombi unayoilipa kwa simu. Nilikuwa na wastani wa 3.2, na walitaka usiopungua 2.7, kwa hiyo hapo sikuwa na hofu. Barua moja ya mrejea ilichelewa mpaka siku ya mwisho ya dirisha la maombi, nikawa nampigia mwalimu wangu wa zamani na kuomba radhi kwa kumpigia. Kilichonitoa jasho ni andiko fupi la utafiti. Niliandika kwamba nataka kuchunguza haki ya ardhi nchini Tanzania. Mwalimu aliyekuja kuwa msimamizi wangu alilirudisha na maswali matatu pembeni kwa wino mwekundu: Ardhi ipi? Ya nani? Inakwenda wapi? Nililitazama lile swali la tatu siku nzima. Usiku nikafuta kila kitu nikaandika upya: fidia, Dodoma, baada ya 2016.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa darasani. Tulisoma jioni, wengi wetu watumishi, wengine wakitoka moja kwa moja Mtumba na vitambulisho vya kazi vikiwa bado shingoni. Ada nililipa kwa mkopo wa SACCOS, ambao bado nadaiwa. Kuna somo moja nililipita tu bila kulielewa, nalo ni la kodi za kimataifa. Sina la kulisemea.

Somo la ardhi ndilo lililonishika. Jioni moja tuligawiwa hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1994, kesi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali dhidi ya Lohay Akonaay. Nilikuwa nimeisoma shahada ya kwanza kwa ajili ya mtihani: mkulima na mwanawe kutoka Kambi ya Simba, upande wa Karatu, waliopoteza ardhi yao wakati wa vijiji vya ujamaa, wakairudisha mahakamani, halafu ikatungwa sheria mwaka 1992 ya kufuta haki za kimila za watu kama wao. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, ikasema haki ya kimila ni mali, na mali inalindwa na ibara ya 24 ya Katiba. Hilo nililikumbuka. Nilichokuwa nimekiruka ni sehemu inayofuata: kwamba fidia haiishii kwenye kilichojengwa au kupandwa. Mtu akiwa ameitolea ardhi jasho lake, hata kama hakuna jengo la kuonyesha, jasho hilo nalo linalindwa.

Nilitoka nje ya darasa nikasimama kwenye ngazi. Babu, baba yake mjomba, alihamishwa mwaka 1971 katika Operesheni Dodoma, ile ya kuwapeleka watu kwenye vijiji vya ujamaa. Akabomoa tembe lake, akaja kuanza upya pale pale ambapo baadaye tulipaita nyumbani. Vichaka alivyong'oa kwa mkono haviko kwenye fomu yoyote. Nilikuwa nimeisoma hukumu ile miaka minane kabla na sikuona kwamba inamhusu babu yangu. Ninadhani hiyo ndiyo tofauti ya shahada hii na ile ya kwanza, kwangu mimi. Ile ilinifundisha kesi inasema nini. Hii ilinilazimisha kuuliza kesi inamsemea nani.

Na posho ya usafiri? Jibu liko kwenye kanuni za fidia za mwaka 2001 zilizotungwa chini ya Sheria ya Ardhi: gharama halisi ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Mstari mmoja. Ulikuwepo miaka yote. Nilimpigia mjomba usiku huohuo. Akakaa kimya, kisha akasema, "Tani 12? Vitu vyangu vyote havijazi mkokoteni. Ila kaburi la baba lina uzito gani?"

Sikuwa na jibu la hilo pia. Nikalifanya kuwa sura ya nne.

Kwenda uwandani kulinichukua wiki tano za barua peke yake. Barua ya chuo kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka hapo wilayani, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa mtaa. Mwisho ukifika kwa mzee aliyekaa chini ya mti anakuuliza kwa nini hukuja moja kwa moja. Nilianza kila mazungumzo kwa "Mbukwenyi" na Kigogo changu cha kuungaunga, na hapo ndipo watu walipofunguka. Waliniambia kuhusu mizabibu, ambayo huvunwa mara mbili kwa mwaka na unaisubiri zaidi ya mwaka kabla haijakulipa. Waliniambia kuhusu majirani waliotawanyika. Ila wazee, karibu wote, walirudi kwenye makaburi.

Sasa sikilizeni jambo hili. Tuna Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya mwaka 1969. Nilikuwa nimeisikia jina tu. Nilipoisoma, nilikuta kwamba gharama zinazofidiwa si za kufukua, kusafirisha na kuzika upya peke yake. Zinaingia pia gharama za matambiko yanayoambatana na kuhamisha huko. Matambiko! Yameandikwa na Bunge, tena kabla babu hajahamishwa. Mjomba alipohamisha kaburi la baba yake na mama yake alichinja mbuzi wawili, akawalisha watu siku mbili, na pesa yote ilitoka mfukoni mwake. Hakuna aliyemwambia. Hakuna hata mmoja kati ya wazee niliokaa nao aliyekuwa ameambiwa. Na kuhusu ucheleweshaji, kanuni zilezile za 2001 zinasema fidia ilipwe ndani ya miezi sita, na ikipita hapo riba inaanza kuhesabiwa. Hilo nalo walilisikia kwangu, mwanafunzi mwenye daftari.

Sura hiyo ilikaa kwa msimamizi miezi minne. Nilikasirika, sitaficha. Nililipia muhula wa nyongeza kwa pesa niliyokuwa nimeweka kwa ajili ya bati. Iliporudi ilikuwa imesomwa mstari kwa mstari, na maoni yake yaliifanya kuwa bora. Yote mawili ni kweli, nami nayabeba yote mawili.

Siku ya utetezi, mmoja wa watahini aliniuliza swali nililolitegemea na bado likanichoma: kama sheria inawapa haki hizi, kwa nini hawakudai? Nilikuwa nimeandaa jibu la kitaaluma, lenye waandishi watatu ndani yake. Nikaliacha. Nikamjibu kwamba sheria ile iko kwa Kiingereza, wao wako kwa Kiswahili na Kigogo, na aliyesimama katikati alikuja na kibao cha namba.

Mwaka 2021, Siku ya Sheria ilipofanyika hapa Dodoma, Rais Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika hukumu kwa Kiswahili, na mwaka huohuo sheria ikabadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama. Nilifurahi kama wengi. Niliuliza pia chuoni kama naweza kuandika tasnifu kwa Kiswahili, nikajibiwa kwamba taratibu haziruhusu. Nikakubali, kwa kuwa nilitaka kumaliza. Usiku huu, nikiwa nimeiweka nakala ya mjomba mbele yangu, najutia kwamba sikuuliza mara ya pili.

Kwa hiyo tangu saa mbili nimekuwa nikitafsiri. Si tasnifu yote. Nimechukua mambo manne: tani 12, posho ya makazi (kodi ya nyumba) ya miezi 36, miezi sita na riba yake, na makaburi. Nimehangaika na neno moja kwa muda mrefu, lile la maendelezo yasiyokwisha, ambalo kwa Kiswahili halimwambii mkulima kitu. Nimeandika "kila ulichokiongeza kwenye ardhi na bado kina thamani", likatosha. Zimetoka kurasa tisa. Kesho nitazichapa na kuzitia ndani ya jalada la nakala yake, mwanzoni, kabla ya ukurasa wa shukrani.

Nimempigia kumwambia nakuja Jumamosi.

"Ya makaburi umeiweka?"

"Nimeiweka, mjomba. Ukurasa wa sita."

"Basi njoo na kalamu na karatasi nyingine," akasema. "Mzee mwenzangu wa jirani naye alihamisha matatu, na stakabadhi za mbuzi anazo."