Bi Mwanaidi na sanduku: kuendesha hadithi za roboti na Waswahili wa Uingereza

Waswahili wengi huku Uingereza tunahudumia wazee wa watu, huku mama zetu wakihudumiwa na wengine nyumbani. Kwa hiyo habari ya roboti za kulea wazee inatuhusu kazini na inatuhusu kama watoto. Baadhi zipo tayari. Paro, roboti yenye umbo la mtoto wa sili (mnyama wa baharini) mwenye manyoya meupe na uzito wa karibu kilo 3, ilianza kuuzwa Japani mwaka 2005 na leo hupakatwa na wazee wenye ugonjwa wa kusahau hata Ulaya.

Tuseme unafanya utafiti kujua Waswahili wanazionaje roboti hizi. Ukimuuliza mtu, "Utakubali roboti imwogeshe mama yako?" atajibu "La hasha!" na mazungumzo yamekwisha. Mpe hadithi iliyokatwa katikati aimalizie. Kwa kuwa anamsemea mtu mwingine, atatoa ya moyoni bila kujianika.

Anza kwa "Paukwa!" Wakishaitikia "Pakawa!" soma mwanzo mfupi, sentensi tano zinatosha:

"Bi Mwanaidi ana miaka 78, anaishi Tanga, na magoti yamemchoka. Mwanawe wa pekee yuko Leicester. Asubuhi moja aliletewa sanduku kubwa. Ndani mlikuwa na roboti na barua fupi ya mwanawe. Akamwita jirani amsomee barua, kisha…"

Tazama sentensi ya nne. Haisemi "roboti alikuwa" wala "roboti ilikuwa", na hiyo ni makusudi. Kiswahili kinamlazimisha msimuliaji achague kama roboti ni wa kuambiwa "amekuja" au ni ya kuambiwa "imekuja", na chaguo hilo ni lake, si lako. Sikiliza hasa panapobadilika. Mtu anaweza kuanza na "imesimama mlangoni", kisha baada ya chai kumiminwa ukasikia "akamwambia". Tia alama hapo kwa kalamu, usimkatize. Akimaliza ndipo umuulize kwa nini pale roboti alipata nafsi. Ukimsahihisha sarufi, umepoteza kilichokuleta.

Usionyeshe picha ya roboti, maana watu watajadili macho yake badala ya Bi Mwanaidi. Kamera ya roboti pia usiitaje. Subiri uone nani ataileta mwenyewe.

Watu watano au sita wanatosha, kwa saa moja na nusu. Kila mmoja aandike peke yake dakika 15 kabla ya yeyote kusoma, kwa sababu mzee akitangulia kusema vijana watamfuata kwa adabu. Asiyependa kuandika arekodiwe pembeni, kwa ridhaa yake. Mkwe na mkaza mwana msiwaweke kundi moja: habari ya kuogeshwa haitaguswa kabisa, nayo ndiyo yenye mengi. Wanawake na wanaume watengwe kwa sababu hiyohiyo.

Kosa linalorudi kila mara ni umeme. Nusu ya kundi watamaliza kwa "umeme ukakatika, roboti ikazima", nawe hujajua walichokithamini. Ongeza paneli ya sola juu ya paa la Bi Mwanaidi, njia hiyo ya mkato iondoke.

Duru ya pili, badilisha kitu kimoja tu. Kwa mfano, barua iseme kila jioni mwana atapelekewa taarifa na roboti. Ukibadilisha pia mtumaji wa sanduku papo hapo, hutajua ni lipi lililowageuza.

Kisha ripoti. Chuo unakofanyia utafiti kikitaka Kiingereza, maneno manne yaache kama yalivyo na uyaeleze: heshima, aibu, stara, radhi. Stara ikigeuzwa faragha tu, mwili wa mama aliyefunikwa kanga wakati wa kuogeshwa unatoweka kwenye karatasi. Radhi ni nzito zaidi. Mtoto anamhudumia mama ili apate radhi zake; roboti ikishika kazi hiyo, radhi zinamwendea nani? Swali hili halimo katika fomu za kuuliza kama roboti ni salama au ni rahisi kutumia, na kwangu ndilo la kwanza kupelekwa kwa mafundi wanaoziunda.

Kabla ya kukabidhi ripoti, wasomee wasimuliaji muhtasari kwa Kiswahili, futa majina yao, na mwenye kutaka hadithi yake iondolewe, iondoe bila kumuuliza sababu.