Bakuli Lililorudi Tupu

Jana jioni mtoto wa jirani alibisha hodi akanirudishia bakuli langu la kaimati. Lilikuwa limeoshwa, likakaushwa, likatiwa ndani ya mfuko safi, na lilikuwa tupu. Nilimshukuru, nikafunga mlango, kisha nikabaki nimesimama jikoni nimelishika.

Kwetu Lamu bakuli halikurudi tupu. Lilitoka na kaimati likarudi na vitumbua, au maembe mawili, au sukari kidogo ikiwa nyumba haikuwa na kitu kingine. Na mimi, kwa kuwa nilikuwa binti mdogo mwenye miguu myepesi, ndiye niliyetumwa, hasa katika mwezi wa Ramadhani, sahani zilipokuwa zikipishana vichochoroni kabla ya adhana ya magharibi. Nyumba ya mama mkubwa na ya jirani yake ziliunganishwa na wikio, kile chumba kinachopita juu ya kichochoro kutoka ghorofa hadi ghorofa, na wanawake walivukia humo bila kukanyaga njia.

Habari nazo zilivukia humo. Nilipokuwa na umri wa miaka 11, siku moja nilitoka chuoni, kwenye masomo ya Kurani, nikapitia pwani peke yangu ili nitazame jahazi likipakia boriti. Sikukaa hata nusu saa. Nilipofika nyumbani nilimkuta mama juu ya mbuzi akikuna nazi, na bila kuinua uso akaniuliza boriti zilikuwa ngapi.

Bibi yeyote aliyekaa dirishani aliweza kuniita, "Mwana, ndoo!", yaani njoo, akanikemea kwa kosa ambalo mama hajalisikia bado, na mama akilisikia alimshukuru. Nilichukia mno. Mwaka 2001, UNESCO ilipouingiza mji wetu katika orodha ya Urithi wa Dunia, milango ya nakshi na kuta za matumbawe zilisifiwa sana. Mimi nilikuwa msichana anayehesabu siku za kuondoka, nikajisemea kwamba wanaozisifu kuta hizo hawajalelewa nazo.

Nairobi ilinipa nilichokitaka. Hapa Ngara, ghorofa ya nne, hakuna anayejua narudi saa ngapi wala na nani, na raha ya jambo hilo siikani hata leo.

Ila wiki iliyopita, yapata saa mbili za usiku, nilimkuta mtoto yuleyule amekaa ngazini, mkoba wa shule mapajani, akimngoja mama yake kwa sababu mlango ulikuwa umefungwa na yeye hakuwa na ufunguo. Nilimsalimia, nikampita, nikaingia kwangu. Nilisikia hatua za mama yake karibu saa nzima baadaye, nami wakati huo wote nilikuwa macho, nikimfikiria mama mkubwa, ambaye asingehitaji kufikiri. Kaimati zile, kwa kweli, zilikuwa za kuomba radhi, ingawa hakuna aliyejua isipokuwa mimi.

Usiku nimeloweka mchele wa vitumbua. Jioni nitalipeleka tena bakuli, na safari hii nitauliza jina la mtoto.